Uvimbe wa Shingo Upimwe Kabla ya Kukatwa
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo sikuja na habari za kuku wala za mikopo. Nataka tuongee juu ya shingo.

Kuna mama mmoja wa kikundi tuliyemchangia pesa za upasuaji. Shingo yake ilikuwa imevimba kidogo upande mmoja. Sote tukasema, "Hiyo ni rovu tu, ikatwe." Tukafanya harambee. Hatukumwuliza lolote zaidi. Kumbe mifupa ilikuwa ikimwuma, ametolewa mawe ya figo mara mbili, na kila siku ana kiu na uchovu. Wengine walimwita mvivu. Mimi nilisikia nikanyamaza, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Daktari ndiye aliyeuliza. Akaagiza damu ipimwe, ikaonekana madini ya kalsiamu yamezidi.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya tezi ya thairoidi, ile inayovimba mtu akipata rovu, kuna vijitezi vingine, kwa kawaida vinne. Kila kimoja ni kama punje ya mchele. Vinaitwa parathairoidi. Kazi yao ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu. Kimoja kikiota uvimbe, hutoa homoni kupita kiasi. Basi kalsiamu hutolewa mifupani, mifupa ikadhoofika, na figo zikafanya mawe. Msiogope: mara nyingi sana uvimbe huu si kansa. Na dawa yake inajulikana tangu zamani. Mwaka wa 1925, daktari Felix Mandl wa mjini Vienna alimtoa mgonjwa wa mifupa uvimbe kama huo, na mgonjwa akapata nafuu.

Mama yetu je, uvimbe wake ulikuwa wa thairoidi au wa parathairoidi? Kwa macho huwezi kujua. Daktari alitazama kwa altrasaundi, akaingiza sindano nyembamba, akavuta chembechembe chache. Hizo hupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Lakini chembechembe za tezi hizi mbili zinafanana sana, hata mtaalamu anaweza kukosea. Kwa hiyo sindano ilisuuzwa kwa maji ya chumvi, na maji hayo yakapimwa homoni. Ikapatikana kwa wingi. Ilikuwa parathairoidi! Wakatoa kile kijitezi kimoja, thairoidi yake ikabaki nzima.

Hata hivyo, msiende hospitalini kudai sindano. Damu na picha zikionyesha wazi, haihitajiki. Na daktari akishuku kansa ya parathairoidi, huiepuka, kwa sababu chembechembe zinaweza kutawanyika njiani. Uamuzi ni wa daktari. Kuuliza ni haki yetu.

Basi tukumbuke haya:
1. Uvimbe wowote wa shingo uonwe na daktari. Si kila uvimbe ni rovu.
2. Mwenye mawe ya figo yanayorudi, au mifupa inayovunjika ovyo, aulize kama kalsiamu yake imepimwa.
3. Kabla ya harambee ya upasuaji, kikundi kiulize: vipimo gani vimefanywa, na vimeonyesha nini?
4. Mwenzetu akisema amechoka, tumsikilize kwanza.

Nani ana swali?