Nani Analipa Meli Ikisubiri? Istilahi za Ukodishaji wa Meli kwa Mwagizaji wa Mizigo

Kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta nchini Tanzania, ndani ya hesabu hiyo mna kipengele ambacho dereva wa bodaboda hakisikii kikitajwa kituoni: demareji. Ni malipo anayodai mwenye meli pale chombo chake kinaposhikiliwa bandarini kupita muda uliokubaliwa. Meli ya mafuta ikikaa nangani nje ya Dar es Salaam ikisubiri zamu, gharama ya kusubiri huko huishia kwenye lita. Kwa sababu hiyo makala hii haitapita juujuu kwenye istilahi zote za ukodishaji. Itakaa kwenye zile zinazohusu muda, maana ndiko fedha za wafanyabiashara wengi zinakopotelea.

Aina za mikataba ni tatu kuu. Anayekodi kwa safari hulipa nauli ya shehena, mara nyingi kwa tani, na mwenye meli hubeba gharama za mafuta, mabaharia na ada za bandari. Anayekodi kwa muda hulipa kwa siku. Mabaharia wanabaki wa mwenye meli, lakini mafuta na ada za bandari humwangukia aliyekodi. Tatu ni meli tupu, inayokabidhiwa bila nahodha wala baharia, na aliyeikodi huiendesha kama yake.

Demareji ni suala la mkataba wa safari. Chukulia meli imeleta tani 30,000 za ngano, na mkataba unasema zishushwe tani 5,000 kwa siku. Muda wa kushusha ni siku 6. Kazi ikichukua siku 9, na kiwango cha demareji ni dola 15,000 kwa siku, aliyekodi anadaiwa dola 45,000. Ikimalizika kwa siku 4, na mkataba ukiruhusu, yeye ndiye anayelipwa tuzo ya kuwahi, kwa kawaida nusu ya kiwango hicho: dola 15,000 kwa siku 2 alizookoa.

Hesabu hiyo haina ugumu. Ugomvi huwa kwenye saa ya kuanzia. Nahodha akishafika hutoa notisi ya utayari, na katika fomu ya mkataba wa safari ya GENCON ya mwaka 1994, iliyotolewa na BIMCO, chama cha kimataifa cha wadau wa meli, notisi ikitolewa kufikia saa 6 mchana, muda huanza kuhesabiwa saa 7 mchana huohuo. Ikitolewa baada ya hapo, ndani ya saa za ofisi, muda huanza saa 12 asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo dakika 5 tu adhuhuri ya siku ya mwisho ya kazi katika wiki zinaweza kumpa au kumnyima aliyekodi mapumziko yote ya mwisho wa wiki.

Je, meli iliyo nangani, mbali na gati, imefika? Mwaka 1968 meli iitwayo Johanna Oldendorff, ikiwa na shehena ya nafaka kutoka Marekani, ilikaa zaidi ya wiki mbili kwenye maegesho ya mto Mersey, maili 17 kutoka gatini, kwa kuwa nafasi ilikosekana. Hukumu ya mwaka 1960 ilikuwa imewalinda waliokodi katika hali kama hiyo. Mwaka 1973 Baraza la Malodi la Uingereza liliigeuza: meli iliyo ndani ya mipaka ya bandari, mahali pa kawaida pa kusubiri, na iliyo tayari kuitikia wito wa aliyekodi, imefika. Saa inaendelea. Mkataba unaotaja gati badala ya bandari ni habari nyingine. Humo saa husubiri meli ifunge kamba gatini, isipokuwa yameongezwa maneno kwamba notisi itakubalika gati liwe wazi au lisiwe wazi.

Ushahidi wa haya yote umo kwenye karatasi ambayo waagizaji wengi hawaiombi: taarifa ya matukio, inayoandaliwa na wakala wa meli. Humo huandikwa saa ambayo mvua ilianza na kukatika, na saa ambayo kreni ya meli ilikwama. Mkataba ukihesabu siku za hali nzuri ya hewa pekee, mvua ya masika hukatwa kwenye muda. Lakini muda ukishakwisha na demareji ikaanza, mvua hiyohiyo kwa kawaida haimwokoi tena mtu.

Mwagizaji anayenunua kwa CIF hudhani hayamhusu, kwa kuwa muuzaji ndiye aliyekodi meli na kulipa nauli na bima. Incoterms, kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara zilizoanza mwaka 1936, hazipangi demareji. Mkataba wa mauzo ndio unaoipanga, na mara nyingi humrudishia mnunuzi demareji ya bandari ya kushushia. Kabla ya kutia saini, aombe nakala ya vifungu vya muda vya mkataba wa meli, aangalie kiwango cha tani kwa siku, kisha aulize bandarini kama kasi hiyo inawezekana kwa gati na magari yatakayokuwapo.