Fedha Isiyo ya Mshahara
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lodwar)

Reli haijafika huku Turkana, lakini vidonda vinafika kila mahali, nami nimeombwa niseme juu ya vidonda visivyosikia dawa.

Mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya kwamba dawa ikitumiwa pungufu vijidudu havifi, bali huizoea. Imekuwa hivyo. Mwaka 2019 watu wapatao 1,270,000 duniani waliuawa na vijidudu sugu. Nasi je? Mtu ananunua vidonge viwili dukani, homa ikipungua anaacha. Hata sindano ya mbuzi hupigwa kwa kukisia.

Sasa wataalamu wanajaribu madini, hasa fedha. Sisemi ile ya mshahara, maana hiyo haitoshi hata kwa unga! Nasema fedha ya pete na bangili. Hufanywa punje ndogo mno, kila moja chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kwa nini ndogo hivyo? Ninyi mnaoshika tupa mnajua: pau ya chuma ikinyeshewa hukaa miaka, lakini unga wake hushika kutu upesi, kwa kuwa kila punje imeguswa pande zote. Na fedha ndivyo. Punje zikipata unyevu hutoa chembe zenye umeme, ambazo hutoboa ngozi ya kijidudu na kuharibu mitambo yake ya ndani. Dawa nyingi hupiga mahali pamoja. Fedha hupiga pengi kwa mara moja.

Bandeji zenye fedha hutumika tayari kwa walioungua moto. Na kule Arusha, Dr. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji kwa mchanga na vitu vya punje ndogo namna hii, akapata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Wenzetu wa Kakuma wanaopanga foleni ya maji wataelewa faida yake: asiyeharisha hahitaji kidonge.

Lakini tusidanganywe na wachuuzi. Fedha si ya kunywa. Wako walioinywa kwa muda mrefu, ngozi ikageuka kijivu isirudi tena. Tena mwaka 1975 madaktari wa Boston walieleza juu ya vijidudu vilivyoshinda hata fedha, katika wodi ya walioungua.

Bandeji hizo ni ghali. Kwa sasa naomba tawi lidai kwa waajiri sanduku lenye bandeji safi, sabuni na maji ya kuoshea kidonda. Na fundi akikatwa na chuma aende hospitali siku ileile, asikatwe na mshahara pia. Naona mikono ya Kakuma imeinuliwa; ulizeni.