Kitambi, Bia na Ini

Msikilizaji, hapa Arusha mtu akiota kitambi anapongezwa. "Naona maisha yamekukubali, bosi!" Na yule aliyejaa tumbo huku macho yamegeuka manjano, majirani wanaifunga kesi yake kwa neno moja: pombe. Leo naziweka habari hizi mbili pamoja, maana kwa ini ni habari moja.

Ini likiletewa chakula na sukari kuliko mwili unavyohitaji, ziada hugeuzwa mafuta, na sehemu yake hubaki humohumo. Likiletewa pombe, huacha kazi ya kuyachoma mafuta ili lipambane kwanza na sumu ile, nayo mafuta yanazidi kurundikana. Miaka ikipita ini huvimba, kisha huota makovu, mwishowe husinyaa na kuwa gumu. Hapo saratani nayo iko jirani. Na kwa muda mrefu haliumi! Mtu anaamka, anakwenda kazini, anakula vizuri, mpaka siku tumbo linajaa maji.

Kwa hiyo mlokole asiyegusa bia asijione amepona. Mtazame dereva anayeshika usukani alfajiri: mchana chipsi mayai na soda, jioni nyama choma na soda nyingine. Chupa moja ya mililita 350 hubeba sukari ya vijiko vya chai vipatavyo 9. Akiwa na kisukari cha ukubwani, hatari inapanda.

Kwa wanywaji, viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na ulikuwa uamuzi mzuri, lakini gongo halisubiri leseni ya mtu. Hapa Meru mbege ilikuwa na shughuli zake, harusi au kikao cha wazee. Bia ya leo haihitaji sababu, ni ya kila jioni. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi halisi. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Ini la mwanamke huumia kwa kiasi kidogo zaidi, na mwenye kitambi anayekunywa analipiga ini lake kotekote.

Lakini mafuta ya ini huondoka, na hili ndilo ninalotaka lifike kila nyumba. Aliyeacha pombe mapema, ini huanza kujisafisha ndani ya wiki chache. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 6 hadi 9, taratibu, hata uvimbe unaweza kutulia. Mama zetu walishuka kwa miguu kutoka Poli na Akheri hadi soko la Tengeru, mkungu wa ndizi kichwani; sisi tunaishusha mikono mitupu kwa bodaboda. Halafu kuna kahawa yetu ya miteremko ya Meru: tafiti za nchi nyingi zinaonyesha wanywaji wake hupata makovu ya ini kwa uchache. Tunywe, bila sukari.

Chukua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno. Mwanamume akivuka sentimita 94, mwanamke 80, aende hospitali akapimwe sukari na ini, na aombe kipimo cha homa ya ini aina ya B papo hapo, maana nayo huliumiza ini. Zile chupa za "kusafisha ini" zinazotembezwa stendi usizinunue. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini lilelile unalotaka kuliokoa.