Nani Anacheza na Nani: Jozi ya Timu na Watazamaji wa Mechi za Ubingwa

Ligi Kuu ya Tanzania Bara haina fainali. Bingwa hupatikana kwa kujumlisha pointi za msimu mzima, na mara nyingi hujulikana mapema. Msimu wa 2024/25 mambo yalikwenda vingine. Dabi ya Kariakoo kati ya Yanga na Simba, ya Machi 8, 2025, iliahirishwa baada ya Simba kutangaza kwamba haitacheza, ikilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Mchezo ukasogezwa hadi Juni 25, ukawa wa kufungia ligi. Yanga iliingia uwanjani na pointi 79, Simba 78. Bila mtu kuipanga, nchi ikapata fainali yake. Yanga ikashinda 2-0 na kubeba ubingwa.

Siku nne baadaye Yanga hiyohiyo ilicheza fainali ya kweli, ya Kombe la Shirikisho la CRDB, dhidi ya Singida Black Stars kwenye Uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Ikashinda tena 2-0. Kombe lilikuwepo, bingwa wa nchi alikuwepo, hata mabao yalilingana. Lakini hapa Tegeta, kuanzia Nyuki hadi Kibaoni, hakuna haja ya kuuliza ni mechi ipi kati ya hizo mbili iliyozungumzwa kijiweni kwa miezi.

Mhadhara huu unasimama hapo. Kwa mtazamaji wa Tanzania, mpinzani ana uzito kuliko kombe.

Wachumi walianza kulitafakari jambo hili zamani. Mwaka 1956 Simon Rottenberg, akiandika kuhusu wachezaji wa besiboli wa Marekani, alieleza kwamba watu huvutwa na mchezo ambao matokeo yake hayatabiriki. Mwaka 1964 Walter Neale akatoa mfano wa bondia Joe Louis: bingwa huyo alimhitaji Max Schmeling wa Ujerumani, kwa kuwa bila mpinzani wa maana pambano halina mnunuzi.

Yanga na Simba, watani wa jadi, wanampa haki Neale zaidi. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Ikashinda 2-1 Aprili 2024, 1-0 kwenye Ngao ya Jamii mwezi Agosti, na 1-0 tena Oktoba. Kwa hoja ya Rottenberg, hamu ilipaswa kufifia, maana upande mmoja ulikuwa umezoea kufungwa. Haikufifia hata kidogo. Shabiki aliyefungwa jana anapanda daladala ya Bunju asubuhi na aliyemfunga, anafanya naye kazi ofisi moja, pengine analala naye nyumba moja. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936. Utani huo umeshapita kwa babu na baba kabla ya kumfikia mtoto anayevaa jezi leo. Mtu wa namna hiyo hawezi kukosa mechi kwa kuwa tu anahofia matokeo.

Utani una kazi nyingine pia, na pengine ndiyo kubwa zaidi: humfanya hata asiyehusika na mechi akae mbele ya televisheni. Mei 28, 2023 Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikashinda 1-0 Algiers Juni 3, na kombe likapotea kwa kanuni ya bao la ugenini. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Simba: ilifungwa 2-0 na RS Berkane nchini Morocco, kisha ikatoka sare 1-1 Zanzibar Mei 25, 2025. Mara zote mbili, mashabiki wa upande wa pili walitazama wakiwaombea wageni. Fainali ya namna hiyo ina timu moja ya nyumbani na watazamaji wa timu mbili.

Marekani ni tofauti. Tangu 2010, Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, imekuwa ikitazamwa na zaidi ya watu milioni 100 karibu kila mwaka, yeyote anayecheza, kwa sababu siku yenyewe imekuwa sikukuu. Tanzania haijajenga siku kama hiyo.

Tunakuja kwenye fedha. Mei 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Ligi ya timu 16 ina mechi 240, na dabi ni mbili tu. Wapo wanaosema basi fedha ziende kwa wakubwa wawili. Wanakosea. Zile pointi 79 na 78 karibu zote zilivunwa kwa timu nyingine, KMC ya hapa Kinondoni ikiwemo; bila mechi hizo 238, Juni 25 isingekuwa fainali ya chochote.

Kinachokosekana ni kipimo cha haki cha watazamaji. Kisimbuzi kimoja cha kibanda umiza, yaani ukumbi wa mtaani wa kutazamia mechi, huhesabiwa kimoja, iwe siku ya dabi watu wamebanana hadi mlangoni au siku ya kawaida mabenchi yako matupu. Bodi ya Ligi, Azam Media na vyuo vikuu vyetu wahesabu watu hao, mechi kwa mechi, na takwimu zichapishwe hadharani. Waanzie hapa Tegeta.