Bungua Mweupe: Adui Aliye Ndani ya Shina
(Hotuba ya Katibu kwa Wanachama)



Katika sherehe hii ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wenzangu wamekwisha kunena juu ya maghala, mizani na hesabu. Mimi naomba ruhusa yenu ninene juu ya mdudu mmoja, maana ghala halina faida ikiwa mibuni imekauka vihambani.

Mvua zilipoanza, nikikata majani ya ng'ombe katika kihamba cha nyumbani, nilimwona mbawakawa mkubwa ametulia juu ya shina la mbuni. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 3, kichwa chake cha kahawia iliyokoza, mbawa zake nyeupe kama majivu, na vipapasio vyake virefu kupita mwili. Mtoto aliyefuatana nami alimsifu kwa uzuri. Ni mzuri kweli, lakini huyo ndiye bungua mweupe wa kahawa, ambaye wataalamu humwita Monochamus leuconotus.

Yeye mwenyewe hula kidogo tu magome ya vitawi vichanga. Mwenye kuangamiza ni mwanawe. Jike hutaga mayai chini ya gome, karibu na ardhi. Funza akianguliwa hula chini ya gome hilo, pengine akalizunguka shina lote, kisha huingia ndani ya mti wenyewe na kushuka hata mizizini. Humo aweza kukaa mwaka mmoja na nusu au miwili, nasi twapita kila siku tukidhani mbuni ni mzima. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Dalili zake ni hizi: unga wa mbao chini ya shina, majani kuwa ya manjano na kunyauka, na tundu la mviringo ambalo mdudu mzima ametokea.

Katika miaka ya 1950 na 1960 wakulima walipaka mashina dawa ya dieldrin. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliihesabu miongoni mwa sumu za kukomeshwa, kwa kuwa hukaa muda mrefu ardhini na katika miili ya viumbe. Basi zimebaki kazi za mikono: kusugua magome yaliyoparara kwa gunzi la mahindi, ili jike akose mahali pa kutaga, kumwua mbawakawa aonekanapo, kupenyeza waya tunduni na kumchoma funza, na mbuni uliokwisha kuharibika kabisa, kuung'oa na kuuchoma moto.

Hapo ndipo penye uzito. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniambia, "Mwanangu, mbuni huu aliupanda baba yangu kwa mkono wake. Nitautiaje moto?" Neno lake si la kupuuzwa. Lakini mbuni ule umekwisha kuliwa ndani, na watakaotoka humo hawatauheshimu mpaka wa masale. Wataruka mpaka kwa jirani aliyesugua mibuni yake kwa jasho.

Tena mche mpya huchukua kama miaka 3 kabla ya kuzaa. Amwambiaye mwenziwe ang'oe, amemwomba sehemu ya karo ya watoto wake. Si haki tumwambie hivyo, kisha tumwache peke yake.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kitenge siku za ukaguzi mvua zinapoanza, na vihamba vyote vikaguliwe siku hizo hizo. Pili, vijana wawasaidie wazee na wajane bila malipo. Tatu, kila chama kiwe na kitalu, na aliyeng'oa mibuni yake kwa ajili ya wote awe wa kwanza kupewa miche.

Miaka 10 tumepima kahawa yetu katika mzani mmoja. Sasa na tuilinde mibuni yetu kwa mkono mmoja.