Maharage Yalale Majini
Najua wako wanaosema maharage ya kulowekwa hayana ladha. Lakini hesabu kuni, mama. Kila mzigo ni safari nyingine porini, na njia hiyo unajua ilivyo kwa mabinti zetu.

Chambua maharage, yaoshe, yaloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, funika sufuria. Yakishachemka, punguza kuni. Moto mkali hauyaivishi upesi zaidi, unakausha maji tu. Ladha italetwa na kitunguu na mafuta mwishoni.

Sombe ni habari nyingine. Twanga vizuri, chemsha muda mrefu, hapo usibanie kuni: majani mabichi ya muhogo yana sumu.