Sifuri Nayo ni Hesabu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mimi ni mtumishi wa serikali katika kazi za maji. Nimeombwa nieleze jinsi wanyama wanavyoathirika mazingira yao yanapobadilika. Nitamweleza mmoja tu: chura wa Kihansi.

Chura huyu hafikii urefu wa sentimita 3, na huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi penye manyunyu ya maporomoko. Hajapata kuonekana porini mahali pengine popote duniani. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipokamilika mwaka 2000, zaidi ya sehemu 9 katika 10 za maji ya mto zilipitishwa katika handaki. Manyunyu yakapungua mno, majani yakakauka. Vikafungwa vinyunyizio mahali pa manyunyu, na vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani wakatunzwe huko.

Vinyunyizio vilisaidia. Katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000. Nami, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, nilikwenda wakati wa likizo kusaidia kuhesabu. Unapiga magoti juu ya mawe yanayoteleza, unafunua majani ndani ya kipande kilichozungushiwa kamba, unahesabu, unaandika. Wiki za mwanzo daftari lilijaa. Kisha namba zikaanza kushuka. Asubuhi moja nilirudia kipande kile kile mara tatu, nisipate hata chura mmoja.

Ndugu zangu, nakiri mbele yenu: nilishika kalamu nikataka kuandika namba ya wiki iliyopita. Nilidhani macho yangu yamekosea, tena niliogopa kuonekana mvivu. Mkubwa wetu wa kazi akaniambia, "Kijana, andika ulichokiona. Sifuri nayo ni hesabu."

Nikaandika sifuri. Na wenzangu waliandika sifuri zao. Zilipowekwa pamoja ikajulikana kwamba vyura wanakwisha kweli. Mwanzoni mwa 2004 walionekana watatu tu. Kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura ilikutwa katika waliokufa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wametoweka. Uzao wa wale waliopelekwa Marekani ulirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 ukaanza kurudishwa korongoni.

Wanafunzi, manyunyu yalirudishwa, lakini mazingira si maji peke yake. Hilo tulifundishwa na daftari lisilodanganya. Hadi leo, kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ofisini, hujiuliza: namba hii imeonwa, au imetamaniwa tu? Nanyi mkiwa maabara, jaribio likikataa, msinakili jibu la jirani. Andikeni mlichokiona.